Namna ya Kukumbuka Mtambo Wako wa Kwanza wa Muziki, Hata Kama Ulikuwa wa Jirani

Siku moja zamu yako itafika. Mtakuwa mmeketi Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika, nyuma ya nyumba ya mtu, bukari imeshaliwa, samaki wa mikeke wamebaki miba, chupa za bia ya Simba zimejaa mezani, na mzee mmoja mwenye mvi ataanza: "Sisi kwetu, papa alinunua mtambo wa muziki..." Akimaliza atapokea wa pili. Wa tatu ni wewe. Ukijibu kwamba kwenu hamkuwa nao, umejitoa mchezoni kwa mdomo wako mwenyewe.

Usikubali. Kumbukumbu ya muziki haina hati kama kiwanja, wala hakuna atakayekudai risiti. Unachodaiwa ni kusimulia vizuri, na kusimulia vizuri kuna kanuni zake. Nakupa kumi na moja. Zifuate kwa mpango, na kabla chupa inayofuata haijafunguliwa utakuwa na mtambo wa kwanza unaokustahili.

1. Chukua mtambo wa jirani

Kama nyumbani kwenu haukuwepo, mtaani ulikuwepo. Alikuwa nao karani wa reli, au msimamizi wa zamu kwenye kiwanda cha nguo cha Filtisaf, au mfanyabiashara wa samaki, au mwalimu aliyerudi kutoka Lubumbashi na sanduku lililobebwa na watu wawili. Chagua wa yule aliyekuwa na moyo wa kufungulia sauti. Mtambo wa bahili haufai kukumbukwa, hata ungekuwa wa bei gani.

Na usione haya. Mwenye mali alinunua chombo. Muziki ukishatoka dirishani ni wa kila aliyeusikia. Wewe uliyeegemea ukuta upande wa pili ulisikiliza kuliko yeye, maana yeye alikuwa na wageni wa kuhudumia na watoto wa kufukuza karibu na nyaya.

Mtu akikuuliza uliusikiaje kutoka mtaa wa pili, mjibu kwa sayansi. Jioni isiyo na upepo, hewa iliyo karibu na ardhi hupoa kuliko iliyo juu yake, na sauti iliyokuwa ikipaa hupindwa ikarudi chini. Kando ya maji, usiku mtulivu, wimbo husafiri mbali kuliko mchana. Ulizaliwa mahali pazuri pa kusikilizia vya wenzako. Tumia bahati hiyo.

2. Weka mwaka, kisha ukae ndani yake

Wengi huangukia kwenye kalenda. Wanasimulia santuri ya stereo ya mwaka 1950, na shemeji mmoja aliyesoma anacheka mpaka anakohoa. Jifunze miaka michache tu. Santuri ndefu ya mizunguko 33 na theluthi kwa dakika ilitoka Marekani 1948. Santuri za stereo zilienea madukani kuanzia 1958. Kaseti ndogo ya Philips ilionyeshwa 1963. Sidii zilianza kuuzwa 1982.

Miaka ya kwenu nayo ina mitego. Mji uliitwa Albertville mpaka 1966, kwa hiyo sanduku lililofika 1962 liliandikwa Albertville ubavuni. Fedha ya zaire ilianza 1967, na ilipoanza zaire moja ilikuwa na thamani ya dola mbili za Marekani. Anayesema baba yake alilipa zaire mwaka 1964 amejifunga kamba mwenyewe.

Njia ya mkato ni hii: sema katikati ya miaka ya 1970. Hapo kila kitu kinakuwa upande wako. Santuri bado zipo, kaseti zimeshaingia, stereo ni ya kawaida, vyombo vya Japani vimeenea duniani, na baba anaweza kulipa kwa zaire bila mtu kukunja uso. Hakuna miaka inayomhifadhi msimuliaji kama hiyo.

3. Taja chapa moja, usahau namba

Chagua jina ambalo kila mtu amewahi kuliona kwenye kava la chuma: Philips, Sansui, Pioneer, Akai, National. Litaje mara moja, taratibu, kisha nyamaza kidogo. Kimya hicho kina bei.

Namba ya modeli isahau. Anayeikumbuka anaonekana ameisoma jana usiku. Sema hivi: "Namba imenitoka, lakini uzito wake haujanitoka." Halafu shika hewa kwa mikono miwili kama unabeba tangi la maji. Wajuzi watakubali mara moja, kwa sababu amplifaya nzuri ya zama zile ilikuwa nzito kweli: ndani yake kulikuwa na transfoma, rundo la chuma na waya wa shaba, na chombo chenye transfoma ndogo hakikuwa na nguvu ya kupiga besi.

Kisha weka kitu kimoja kinachoonekana, kimoja tu. Nakushauri dirisha la mbele la amplifaya. Ndani yake kulikuwa na taa ya rangi ya manjano au kijani, na mishale miwili myembamba iliyolala upande wa kushoto. Wimbo ukianza, mishale ilishtuka. Ngoma ikipigwa ilirukia upande wa kulia, mwimbaji akivuta pumzi ilirudi kulala. Mtoto aliyepiga magoti mbele ya dirisha lile aliweza kuona muziki kabla hajauelewa. Ukieleza mishale vizuri, hakuna atakayeuliza habari ya chapa tena.

4. Ufikishe kwa maji

Mtambo haujawahi kuota Kalemie. Lazima ufike, na safari yake ni nusu ya hadithi. Una njia mbili za kweli. Ya kwanza ni ya kusini: Lubumbashi, Kamina, Kabalo, kisha reli ya kushuka ziwani, iliyofika mjini 1915. Ya pili ni ya mashariki: bandari ya Dar es Salaam, treni mpaka Kigoma, kisha meli ya kuvuka ziwa. Reli ya Kigoma ilifika ziwani 1914, na kuanzia 1921 Wabelgiji walikuwa na sehemu zao maalumu katika bandari za Dar es Salaam na Kigoma kwa ajili ya mizigo ya Kongo. Masanduku ya kila aina yalipita huko. La baba yako linaweza kuwa mojawapo.

Chagua ziwa. Treni inafikisha mzigo, ziwa linaweza kuunyima. Kwa hiyo kila kitu kilichovuka salama kina heshima ya ziada. Ukiamua ilikuwa Julai, weka mawimbi, kwa sababu kati ya Mei na Septemba upepo wa kusini huvuma kwa nguvu. Ukiamua ilikuwa Machi, weka mvua na turubai.

Tahadhari moja: usiupakie mtambo kwenye Liemba. Ni meli maarufu, iliyojengwa Ujerumani 1913, na kila mtu angependa mzigo wake uwe umepanda humo. Lakini safari yake iliyozoeleka ilikuwa ya kufuata pwani ya Tanzania, kutoka Kigoma mpaka Mpulungu, Zambia. Mzee yeyote wa bandarini atakushukia. Sema "meli" tu, uendelee.

Sanduku likishafika, lifungue polepole. Misumari, mbao, makaratasi, na ile harufu ya chombo kipya. Waweke watu wazima wakizuiana: "Pole pole! Usivute hapo!" Kila nyumba ilikuwa na mjomba mmoja aliyejua kila kitu kuhusu nyaya. Mpe nafasi yake.

5. Kata umeme mara moja

Hadithi ya mtambo ambamo umeme haukukatika hata mara moja haiaminiki. Ukate pale utamu unapokolea. Ongeza maelezo ili watu wajue umekulia huko: umeme wa mji hutoka Bendera, kwenye mto Kyimbi, kaskazini mwa Kalemie. Ndiyo Bendera ileile ambako Juni 1965 waasi, wakiwa pamoja na Wakuba wa Che Guevara, walishambulia kituo hicho cha umeme. Nyumba iliyokuwa ikicheza muziki Kalemie ilikuwa imeunganishwa na historia nzito kuliko ilivyojua.

Hapa kuna ufundi wa kukulinda. Ukitaka kusema sauti ya mwimbaji ilizama ikawa nzito, sema mlikuwa mkitumia jenereta. Sahani nyingi za zamani za kuwekea santuri zilizungushwa na mota iliyofuata mapigo ya umeme, 50 kwa sekunde. Jenereta ikichoka, mapigo yanapungua, sahani inapunguza mwendo, na mwanamke anaanza kuimba kama mwanamume. Nguvu ya umeme ikishuka kidogo jioni, taa zinafifia na amplifaya inakwaruza, lakini mwendo wa sahani ile unabaki palepale. Fundi akiwepo kikaoni, hapo ndipo atakapokuvulia kofia.

Na kama mlikuwa na redio kaseti ya betri, usisahau betri zilizoanikwa juani juu ya bati ili zitoe wimbo mmoja zaidi. Hilo huna haja ya kulitunga. Kila mtu mezani ataitikia kwa kichwa.

6. Chagua wimbo wa kwanza kwa makini kuliko mtambo

Chombo kinasahaulika, wimbo wa kwanza hausahauliki. Una uhuru mkubwa hapa, na wajibu mkubwa pia.

Kama hadithi yako ni ya gramafoni, chukua "Marie-Louise" ya Wendo Kolosoy na Henri Bowane, iliyorekodiwa 1948 na studio ya Ngoma. Kama ni ya mwaka wa uhuru, ni "Indépendance Cha Cha", ambayo Grand Kallé na African Jazz waliitoa Brussels mapema 1960, wakati viongozi walipokuwa mezani wakijadili uhuru na Wabelgiji. Kama unataka kilele cha fahari, santuri za Tabu Ley Rochereau kutoka ukumbi wa Olympia, Paris, Desemba 1970. Kama mtambo wako ulichelewa, ni "Mario" ya Franco, 1985, wimbo wa zaidi ya dakika kumi: ulitosha kumpa mwenye nyumba muda wa kuzunguka na kumuuliza kila mgeni kama anasikia vizuri.

Lakini ukitaka ushauri wangu wa dhati, sema Jean Bosco Mwenda. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi 1952 huko Jadotville, mji unaoitwa sasa Likasi, na "Masanga" ikazunguka Afrika nzima. Ni mtu wa Katanga, aliyeimba Kiswahili, na gitaa moja. Mtambo mbovu unaweza kujificha nyuma ya tarumbeta na ngoma za bendi kubwa. Kwenye gitaa moja hauna pa kujificha. Kidole gumba kinapiga besi, kidole cha shahada kinacheza juu yake, na kwenye mtambo mzuri unasikia ngozi ya kidole ikiteleza kwenye waya. Ukisema hilo ndilo ulilosikia kwanza, umejitangaza kuwa na masikio. Hiyo ni sifa kubwa kuliko kuwa na mtambo.

7. Jipe kazi ya kugeuza

Hii ndiyo hatua inayolipa kuliko zote, na haigharimu kitu. Santuri ndogo za mizunguko 45 hazikuwa na nafasi, kwa hiyo nyimbo nyingi za Kongo zilikatwa vipande viwili: upande wa kwanza mashairi, upande wa pili sebene, yaani sehemu ya magitaa ya kuchezea. Wachezaji walisimama katikati ya sebule, jasho likiwatiririka, wakingoja. Lazima mtu ainuke, anyanyue mkono wa sindano, ageuze santuri kwa kuishika pembeni bila kugusa mifereji, apulize vumbi, arudishe sindano taratibu.

Sema mtu huyo ulikuwa wewe.

Hakuna anayeweza kukanusha. Ilikuwa kazi ya mtoto mwenye mikono mikavu, na kila mtoto aliyekuwepo anaamini alikuwa yeye. Kazi hiyo inakupa haki zote. Hukuwa na mali, lakini ulikuwa na mamlaka: watu wazima ishirini walisimama wakikungoja wewe uamue sebene ianze saa ngapi. Mwenye mtambo hakuwahi kupata heshima hiyo.

Ikianza, onyesha unajua unachosikia. Gitaa la ridhimu liko chini, linashikilia. Juu yake mi-solo, ile inayojaza nafasi na kurudia kifungu kimoja mpaka kiuno kinakubali. Juu kabisa solo. Sema kwamba kabla ya mtambo ule ulidhani ni gitaa moja, na siku ile ukasikia ni matatu. Kwa watu wengi huo ni ukweli mtupu. Redio ndogo huyabana yote kuwa waya mmoja, na mtambo mkubwa huyatenganisha. Hicho ndicho fedha nyingi ya baba wa watu ilichonunua.

8. Rudisha sheria za nyumba

Bila makatazo, mtambo unakuwa kama redio yoyote. Weka kitambaa cheupe cha kufuma juu ya amplifaya na kingine juu ya kila spika. Acha karatasi ya nailoni iliyokuja nao kwa muda mrefu kuliko inavyofaa. Weka kabati lenye kioo, na ufunguo mfukoni mwa baba. Hakuna kugusa. Hakuna kukimbia sebuleni, maana sindano inaruka. Hakuna soda juu ya spika.

Kisha usisahau jambo moja lililofanywa na kila mwenye mtambo aliyejipenda, yaani wote: spika ziligeuzwa kuelekea dirishani. Siku ya yenga, baada ya kanisa, familia ilikaa nyuma ya spika zake yenyewe ili barabara isikie vizuri. Majivuno yale yalikuwa ukarimu. Wasingejivuna, wewe usingekuwa na cha kukumbuka.

9. Tengeneza leo sauti inayofanana na ya jana

Baada ya kusimulia, utataka kuusikia tena. Usikope fedha. Fedha inaongeza kidogo sana, na hila zinaongeza sana.

Kwanza, puuza wati zilizoandikwa kwenye boksi. Sabufa ikijitangaza wati 5,000, geuza nyuma usome umeme unaoingia. Kama fyuzi ni ya ampea 2 kwa volti 220, chombo hakiwezi kuvuta zaidi ya wati 440 mfululizo, na hakiwezi kutoa ambacho hakikunywa. Tena jua kwamba kuzidisha wati mara mbili kunaongeza desibeli 3 tu, tofauti ndogo kwa sikio. Ili wimbo uonekane una sauti mara mbili, unahitaji kama mara kumi ya nguvu. Mwachie jirani mashindano ya wati.

Pili, sukuma sabufa kwenye kona. Sakafu na kuta mbili zinairudishia besi yake, na chombo cha bei ndogo kinapata kifua cha mtu mkubwa. Ikizidi na kuvuma, ivute mbele kidogo kidogo mpaka maneno yasikike.

Tatu, punguza mwangwi. Nyumba ya simenti yenye bati inarudisha kila sauti mara tatu. Tundika pazia zito, tandika mkeka au zulia, simamisha godoro nyuma ya unapokaa. Kisha weka spika mbili na kiti chako katika pembe tatu zenye umbali sawa. Mwimbaji ataacha kutokea kwenye masanduku na kusimama katikati ya ukuta, mahali pasipo na kitu. Wageni wataenda kupagusa.

Nne, ongeza besi ukisikiliza kwa sauti ndogo. Mwaka 1933 watafiti Fletcher na Munson walionyesha kwamba sauti ikipungua, sikio hupoteza besi kwanza. Kitufe kilichoandikwa "loudness" kwenye mitambo ya zamani kilikuwepo kwa ajili hiyo. Na kama umevuka miaka hamsini, ongeza sauti za juu pia, kwa sababu masikio huzipoteza kadiri umri unavyosogea. Hakuna haja ya kumweleza mtu sababu.

Kama huna chochote ila simu, itumbukize kwenye sufuria tupu, mdomo wake ukutazame. Kisha sikiliza hili, maana ndilo linalonipa haki ya kukushauri yote haya. Spika ya simu haiwezi kupiga noti za chini kabisa za besi, ni ndogo mno. Lakini unazisikia. Sikio linapopata sauti za juu zinazozaliwa na noti ile, ubongo unaijenga noti yenyewe na kuiweka pale isipokuwepo. Kusikia kwenyewe ni kujaza pengo. Basi ukijaza kidogo na kwenye kumbukumbu, unaendeleza kazi ambayo kichwa chako kiliianza siku ileile.

10. Ukikamatwa, toa upesi

Itatokea. Mezani atakuwepo mtu aliyenyamaza muda wote, na ukifika kwenye mishale ya kijani ataweka glasi chini:

"Yaya, ule mtambo ulikuwa wa papa yangu."

Usibishe, usikohoe, usibadilishe mtaa. Simama, mpe mkono, sema kwa furaha:

"Ndiyo huo! Mulikuwa munaufungulia kila siku ya yenga, na sisi ukutani. Ule wimbo wa gitaa moja, papa alikuwa anaupata wapi?"

Tazama kitakachotokea. Ulikuja na mtambo wa kuazima, sasa umempata mwenye habari zake zote. Atakwambia chapa, namba, bei, na nani aliubeba kutoka bandarini. Wewe utamwambia asichokijua: jinsi ulivyosikika kutoka nje. Yeye hakuwahi kusimama nje ya nyumba yao akiwa mtoto wa watu wengine. Mnahitajiana. Kushindwa kwa namna hii ni faida tupu, na usiku utakuwa mrefu.

Ila kuna sehemu moja ambayo nakukataza hila: mtambo ulikoishia. Usitunge. Kuna mitambo iliyouzwa kulipa karo. Kuna iliyoachiwa majirani wakati watu walipokimbia vita vya miaka ya 1990 wakavuka ziwa kwenda Kigoma, na wengine wakaishia kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa 1996. Kuna iliyoangukiwa na ukuta siku ya tetemeko la Desemba 5, 2005. Walioketi nawe wamepoteza zaidi ya spika. Kama hujui ulipoishia, kaa kimya na umwache anayejua aseme. Hapo ndipo watu watakapokuamini kwa yote mengine.

11. Lipa deni

Umechukua mtambo wa jirani, mwaka usio wako, na kazi ya kugeuza santuri. Vyote vinasameheka, kwa sharti moja: usiwaibie wanamuziki. Wao walikuwa wa kweli, na wengi walipata kidogo kutokana na santuri zilizotajirisha wengine.

Taja majina kamili. Usiseme "rumba ya zamani". Sema gitaa la "Indépendance Cha Cha" ni la Docteur Nico, aliyefariki 1985. Sema Franco alianzisha OK Jazz na wenzake 1956 akiwa kijana wa miaka kumi na minane hivi, akaiongoza mpaka kifo chake Oktoba 1989. Sema Mwenda alifariki 1990. Kumbuka na waliohama: Maquis walitoka Kamina, kwenye reli yenu, wakafika Dar es Salaam 1972 na kuubadilisha muziki wa mji ule, naye Remmy Ongala, mzaliwa wa upande wa Kindu, akajiunga na Orchestra Makassy 1978 na akazikwa Tanzania akiwa kipenzi cha nchi nzima. Mlango wa muziki huo haukuwa baharini. Ulikuwa ziwani, karibu na kwenu.

Kwa hiyo fanya hivi kabla ya kikao kijacho. Tafuta wimbo uliosema ulikuwa wa kwanza. Usikilize mpaka mwisho, peke yako, bila kupika na bila simu nyingine mkononi. Jifunze nani alipiga gitaa, nani aliimba, mwaka gani na mji gani. Yaandike, na uyaandike vizuri, maana kuna mtoto atakayeyanakili.

Ukimaliza, nenda ukasimulie kwa sauti kubwa, ongeza chumvi popote nilipokuruhusu, na umtaje mpiga gitaa kabla hujataja chapa.